Mama Amejifungua: Nani Atakamua Ng'ombe?

Mpango wa Ekari Milioni Moja ulipoanza mwaka 1962, wengi walihamia mashamba ya Kinangop wakiwaacha mama na dada zao mbali. Hata leo nyumba zimeachana, na mwanamke akijifungua huenda akakosa wa kumtekea maji. Siku ya tatu yuko zizini, maana maziwa hayangoji.

Bwana mkulima, kamua wewe. Wako wanaume waonao haya kukamua, lakini hawaoni haya kupokea fedha za maziwa! Majirani nao washike zamu: huyu kuni, yule maji, mwingine uji wa wimbi na njahi.

Jambo la kuangaliwa sana ni damu, hasa katika saa 24 za kwanza. Ikizidi kutoka, au akipatwa na homa, degedege, au kichwa kumwuma sana na macho kuona ukungu, apelekwe hospitali usiku huo huo. Msingoje gari la maziwa. Hata akiwa mzima, yeye na mtoto wapimwe siku ya kwanza, siku ya tatu, wiki ya pili na wiki ya sita. Tena akishinda na huzuni zaidi ya wiki mbili, msimwite mvivu. Huo ni ugonjwa, nao hutibiwa.