Mwenye nyumba ya kale naye apunguziwe kodi

Nyumba ya matofali huanza kufa kwenye paa. Bati moja likishika kutu na kutoboka, mvua za Machi na Aprili hupenya, hulowesha boriti, kisha hushuka ukutani polepole hadi udongo unaoshikilia matofali unalainika. Mwenye nyumba akibadilisha bati hilo mwaka uleule, gharama ni ndogo. Akingoja miaka mitano atabadilisha na boriti. Akingoja kumi, fundi atakayeitwa ni wa kubomoa. Hivyo ndivyo Uvira, mji wetu wa mashariki mwa Kongo, inavyopoteza nyumba zake za zamani, kuanzia Kalundu bandarini, kupitia Kimanga na Mulongwe, hadi Kavimvira kwenye mpaka unaotazama Gatumba, Burundi. Hakuna aliyeamua zibomolewe. Ila hakuna pia aliyekaa akauliza bati lile lilipiwe na nani. Makala haya yanatetea jambo moja: Mkoa wa Kivu Kusini ufunge mikataba na wenye nyumba hizo, uwapunguzie kodi kwa miaka inayojulikana, na kila faranga waliyosamehewa irudi kwenye paa na kwenye ukuta.

Uvira ni mkongwe kuliko utawala wa Wabelgiji. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipofika hapa Aprili 1858, walikuta kituo ambacho wafanyabiashara wa Ujiji na wa pwani walikuwa wakikijia kwa pembe za ndovu, nafaka na, kwa aibu ya historia yetu sote, watumwa. Novemba 1871 wasafiri wengine, Livingstone na Stanley, walifika kaskazini mwa Ziwa Tanganyika wakathibitisha kwamba mto Rusizi unaingia ziwani, hautoki. Kiswahili kinachosemwa leo sokoni Mulongwe kilipita njia hizo za misafara, na pamoja nacho ikaja namna ya kujenga: nyumba ya udongo yenye chumba cha mbele cha wageni, baraza inayotazama njia, na ua nyuma kwa ajili ya jiko na wanawake wa nyumbani. Baadaye zikaja nyumba za wakati wa Wabelgiji: msingi ulioinuliwa, veranda pana ya kuvunja jua la mchana, dari ya juu, madirisha yanayopokezana upepo wa ziwa. Waliozipanga walijua joto la bonde la Rusizi. Jengo la kisasa la ghorofa lenye vioo vilivyofungwa halijui, na mkazi wake hununua umeme, pale unapopatikana, ili kupata baridi ambayo nyumba ya zamani hutoa bure.

Sheria ya kulinda vitu hivi ipo. Ordonansi-sheria namba 71-016 ya tarehe 15 Machi 1971 inaruhusu jengo lenye thamani ya kihistoria kuorodheshwa, na likishaorodheshwa mwenyewe hawezi kulibomoa wala kulibadilisha bila ruhusa. Udhaifu wake ni kwamba hulinda kwa kukataza. Humwambia mjane mwenye nyumba ya veranda asiguse ukuta, lakini haimpi hata msumari. Zanzibar inatufundisha mwisho wa njia hiyo. Mji Mkongwe una mamlaka yake ya uhifadhi tangu 1985, umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2000, na bado tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit el Ajaib, jengo mashuhuri kuliko yote pale, iliporomoka wakati wa ukarabati ikaua watu wawili. Tena nyumba nyingi za kawaida za Mji Mkongwe, za serikali na za wakfu, zimechakaa kwa sababu ya hesabu rahisi: pango linalolipwa ni dogo mno kuliko gharama ya chokaa na boriti. Heshima ya dunia nzima haikuziba pengo hilo.

Mahali pengine walianza na pengo lenyewe. Jimbo la California, Marekani, lilipitisha mwaka 1972 sheria inayoitwa Mills, kwa jina la seneta aliyeileta. Mji na mwenye nyumba hutia saini mkataba wa angalau miaka kumi, unaojirefusha kila mwaka. Mwenye nyumba huahidi kutengeneza na kutunza, mji hukagua, na kodi ya jengo hukadiriwa kwa kipato ambacho nyumba ingeleta kwa pango badala ya bei yake ya sokoni. Akivunja ahadi, mkataba huvunjwa naye hutozwa adhabu. Ufaransa nayo humruhusu mwenye jengo lililoorodheshwa kuondoa gharama za ukarabati katika mapato yanayotozwa kodi, na humpa nafuu kubwa zaidi akifungulia watu mlango waje kulitazama.

Lakini anayetaka kuinakili California neno kwa neno hapa Uvira atakosea, na kosa lenyewe lina mafunzo. Kwetu kodi ya majengo, iliyowekwa na ordonansi-sheria namba 69-006 ya Februari 1969, haifuati bei ya sokoni. Hufuata aina ya jengo, ukubwa wake na daraja la mahali lilipo. Kwa nyumba nyingi ni fedha kidogo, na kuisamehe yote kusingenunua mabati ya chumba kimoja. Kodi inayouma ni ile ya mapato ya pango. Kiwango chake kilichozoeleka katika sheria ni asilimia 22, na ishirini kati ya hizo hukatwa na mpangaji kabla mwenye nyumba hajaona fedha. Nyumba kubwa za zamani za Uvira, zenye ua na vyumba vingi, ndizo mashirika ya misaada hupenda kupanga kwa ofisi. Tuchukue mfano wa hesabu tu: nyumba ya dola 500 kwa mwezi huingiza 6,000 kwa mwaka, na kodi yake ni 1,320. Ikipunguzwa nusu, zinabaki 660 kila mwaka, yaani 6,600 katika mkataba wa miaka kumi. Hizo ni fedha za paa zima, na za fundi wa kuziba nyufa kila baada ya mvua. Nafuu ikiwekwa hapo, mkataba una nguvu. Kwa nyumba ambayo familia inaishi yenyewe bila mpangaji, mkoa ungesamehe kodi ya jengo pamoja na ada za kibali cha kutengeneza na za karatasi za kadastre (ofisi ya vipimo vya ardhi), ambazo mara nyingi ndizo humfanya mtu atengeneze usiku, bila fundi anayejua kazi.

Karatasi hizo huleta tatizo la pili: nani hasa ni mwenye nyumba. Nyumba nyingi za zamani ni za urithi. Sheria ya Familia ya 1987 huwapa watoto robo tatu ya mali, na humwachia mjane haki ya kukaa katika nyumba waliyoishi na mumewe. Ni sheria nzuri kwa mjane, ila matokeo yake kwa nyumba ni kwamba mama anakaa, watoto saba wako Bujumbura, Bukavu na Kigoma, na hakuna hata mmoja anayetoa fedha kwa ukuta usio wake peke yake. Mkataba ungeilazimisha familia ikae, iandike jina la mmoja wao kama mwakilishi, na nafuu ipitie kwake mbele ya wengine. Pengine hili lingekuwa faida kubwa kuliko mabati.

Wapo watakaosema mji hauna maji ya bomba ya kutosha, barabara zimekatika, vita vimeingia na kutoka tangu Oktoba 1996, halafu tunawapunguzia kodi wenye nyumba kubwa? Swali hili lina haki ya kujibiwa. Kwanza, sehemu kubwa ya kodi ya pango hailipwi, kwa sababu mikataba ya pango hufichwa. Anayetaka nafuu atalazimika kuuleta mkataba wake mezani, na nusu ya kodi inayoonekana ni zaidi ya kodi nzima iliyofichwa. Pili, fedha ya ukarabati haivuki mpaka: hulipa waashi, maseremala na wachoma matofali wa hapahapa. Tatu, nafuu iwe na kikomo kwa kila nyumba, ili mwenye majengo kumi asijikusanyie. Hofu ya rushwa, kwamba afisa atauza saini, ni ya kweli. Ndiyo maana Katiba yetu, kifungu cha 174, inasema hakuna msamaha wa kodi ila kwa mujibu wa sheria. Barua ya meya haitoshi, wala ahadi ya mdomo ya mkaguzi. Inatakiwa edi, yaani sheria inayopitishwa na Bunge la Mkoa, maana Katiba hiyohiyo imeuachia mkoa kodi ya majengo na ya pango, na orodha ya nyumba zenye mkataba ibandikwe mlangoni pa ofisi ya kila kartie, jirani aone nani amesamehewa na kama paa limetengenezwa kweli.

Wengine watauliza kwa nini tutunze nyumba za mkoloni. Ukuta ule ulichomwa, ukabebwa na kupandishwa na mikono ya wazee wetu, wengi bila hiari yao, na ukibomolewa unapotea pia ushahidi wa jasho lao. Tena orodha isianze na nyumba za veranda peke yake. Nyumba za udongo zenye baraza, ambazo hakuna msanifu aliyewahi kuzisifia, ndizo zilizo karibu zaidi na kutoweka.

Pingamizi zito kuliko yote ni la maji. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga kule Kalemie, na mvua zikizidi hupanda na kubaki juu kwa miaka. Lilipanda mwanzoni mwa miaka ya 1960, likapanda tena tangu 2020, na nyumba za ufukweni zikageuka madimbwi. Kutoka milimani nako hushuka hatari: Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukaua makumi ya watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Kumlipa mtu atengeneze nyumba ambayo ziwa litaichukua ni kutupa mali ya umma, na kumshawishi abaki pale ni kuhatarisha maisha yake. Hapa wanaopinga wana haki, na mkataba lazima uwakubalie. Chini ya mstari ambao maji yamekwisha fika, pasiwe na mkataba wa ukarabati. Badala yake nyumba ipimwe, ichorwe na kupigwa picha, milango na mbao zilizo nzima ziokolewe, na nafuu ya kodi imfuate mwenyewe kwenye kiwanja atakachohamia. Juu ya mstari huo mkataba uwe na sharti la mtaro na mifereji ya paa kabla ya kupaka rangi. Kazi ya kwanza, basi, ni ya watu wa kadastre na mafundi wachache: watembee na utepe wa kupimia toka Kavimvira hadi Kalundu, waweke alama ya maji kwenye kila ukuta wa zamani, na waandike nani anakaa ndani.