Sura ya Saba: Chale za Scofield

Nilikusudia sura hii iende kwa utaratibu: niwataje wahusika wakuu wa msimu wa kwanza wa Prison Break, tamthilia ya Marekani iliyoanza kuonyeshwa Agosti 2005, nimpe kila mmoja haki yake, kisha nifunge. Mpango huo umevurugwa na majirani zangu wa Kitengela, kwani kila nisimamapo penye vibanda vya filamu, na kila nipandapo matatu ya kwenda Kajiado, nasikia dhana mbili zikisemwa kwa yakini kana kwamba zimeteremshwa: kwamba steringi, yaani shujaa wa filamu, hafi, na kwamba michoro iliyotanda mwilini mwa Michael Scofield, mhandisi aliyejifungisha ili amtoroshe kaka yake, ni chale za kinga.

Dhana ya kwanza, ambayo DJ Afro na wenzake, wasimulizi wa filamu za vibandani, wameieneza kwa ufasaha kuliko sisi waalimu, naipitia upesi. Mhusika hawi mkuu kwa sababu ni mwema au kwa sababu ataishi. Huwa mkuu kwa kuwa kisa hakiwezi kupita pasipo yeye. Theodore Bagwell, aitwaye T-Bag, ni muuaji asiye haya, na bado ni mhusika mkuu; ilhali Lincoln Burrows, kaka huyo wa Scofield ambaye taabu yote imebebwa kwa ajili yake, aghalabu huketi akingoja kiti cha umeme. Charles Westmoreland, mzee mpole kuliko wote, afa usiku ule ule wa kutoroka, ukuta mmoja tu kabla ya uhuru.

Ya pili ndiyo inayoniudhi. Mzee mmoja jirani yangu, mtu mwenye akili zake katika biashara ya ng'ombe, aliniambia, "Mwalimu, yule kijana amechanjwa." Nikamjibu, "Mzee wangu, yule amechorwa, hakuchanjwa." Akacheka kwa huruma, kama achekwavyo msomi.

Basi na tuchukue alama moja tu. Juu ya ngozi ya Scofield pameandikwa jina, Allen Schweitzer, na tarakimu 11121147. Mtazamaji wa pupa hudhani ni jina la mtu, na mwenye kupenda uganga hudhani ni talasimu. Kumbe ni kumbukumbu ya parafujo iliyomo katika benchi la uwanjani mwa gereza. Scofield aifungua kwa siri, anyang'anywa na T-Bag, aipata tena kwa hatari, kisha aisugua sakafuni hadi iwe na pembe zinazolingana na tundu la parafujo zinazokishikilia choo cha chumbani mwake, na nyuma ya choo hicho ndipo ilipo njia. Hakuna jini aliyeitwa wala ubani uliofukizwa: ni mhandisi aliyejua udhaifu wa kumbukumbu ya binadamu, akaificha ramani ya jengo ndani ya sura za mashetani na malaika. Na kati ya wafungwa wote ni mmoja tu aliyeitazama michoro ile akatambua kuwa ni njia: Haywire, ambaye gereza zima humwita mwendawazimu.

Lakini ramani haichimbi. Scofield amhitaji Sucre, mwenziwe wa chumbani. Amhitaji Abruzzi, mtawala wa kazi za gerezani, ambaye kwanza alimkatisha vidole viwili vya mguu. Amhitaji C-Note, mfungwa mwenye kuingiza bidhaa za magendo, ampatie dawa ya kuidhoofisha insulini, ili aonekane ana kisukari na apelekwe zahanati kila siku. Hawa si wasindikizaji wa shujaa, bali ni wadai wake, na msimu mzima ni daftari la madeni.

Usinijibu kwamba hayo ni ya filamu. Novemba 15, 2021 watu watatu waliofungwa kwa makosa ya ugaidi walitoroka gereza la Kamiti, na garini nikasikia kwamba wana dawa ya kupotea machoni pa askari. Serikali iliahidi jumla ya shilingi milioni 60 kwa atakayesaidia wapatikane, na tarehe 18 wakakamatwa Kitui, baada ya wenyeji kuwatilia shaka. Ni dawa gani hiyo ipofushayo askari wa gereza lenye ulinzi mkali, isiweze kumpofusha mwanakijiji? Serikali yenyewe haikwenda kwa mganga: iliwatia mbaroni askari kadhaa wa magereza na kumfuta kazi Kamishna Jenerali, yaani ilitafuta jawabu kwa wenye funguo.

Na huko Fox River, gereza la Scofield, mambo yaliishia penye ufunguo vile vile. Scofield alimwomba Daktari Sara Tancredi, binti wa gavana, auache wazi mlango wa zahanati usiku mmoja. Michoro yote ile, na vidole viwili, na parafujo niliyoieleza hadi nikachosha, havikuweza kumlazimisha. Akakataa kwa kinywa, akarudi, akauacha mlango bila kuufunga, na kwa njia hiyo wakatoka watu wanane. Kwa hukumu yangu steringi wa msimu ule ni Sara, na mzee wangu wa ng'ombe hajakubali mpaka leo.