Rwanda: Mkalimani aliyeletewa mikataba miwili apime nini kabla ya kutia saini?

Kiswahili kimekuwa bidhaa yenye bei mjini Kigali. Mwaka 2017 Bunge la Rwanda lilipitisha sheria iliyokifanya kuwa lugha rasmi ya nchi pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa, na mwezi Februari mwaka 2022 Umoja wa Afrika nao ukakikubali miongoni mwa lugha zake za kazi. Kwa wasemaji wa Kiswahili wa Nyamirambo na Biryogo, ambao lugha yao ilihesabiwa kwa miaka mingi kuwa ya sokoni na ya madereva wa malori, mabadiliko hayo yamefungua mlango wa kazi za ukalimani na tafsiri zinazolipwa kwa siku. Anayezifanya si mwajiriwa wa mtu. Hujitegemea, hutafuta wateja mwenyewe, na mara kwa mara hujikuta na barua mbili mkononi zinazotaka jibu ndani ya wiki moja.

Tuchukue mfano wa kubuni, lakini wenye sura ya mambo yanayotokea. Shirika moja la maendeleo linamtaka mkalimani kwa miezi 6, siku 12 kila mwezi, kwa faranga 90,000 kwa siku. Litamlipa ndani ya siku 30 tangu lipokee ankara, na upande wowote unaweza kuuvunja mkataba kwa notisi ya siku 30. Kampuni inayoandaa mikutano nayo inampa faranga 150,000 kwa siku. Kazi itapatikana kadiri mikutano itakavyokuja, malipo yatatoka siku 60 baada ya kampuni yenyewe kulipwa na mteja wake, na mkalimani asifanye kazi na kampuni nyingine ya mikutano muda wote wa mkataba.

Jicho la kwanza huenda kwenye 150,000. Ni haki yake, maana tofauti ya faranga 60,000 kwa siku si ndogo. Lakini bei ya siku haisemi lolote mpaka ijulikane siku yenyewe ni ipi. Mkalimani wa mikutano haingii kibandani mikono mitupu. Akiitwa kwenye mkutano wa siku mbili kuhusu bima ya mazao au chanjo za mifugo, atahitaji walau siku nzima ya kusoma hotuba, kukusanya istilahi na kuuliza majina ya wazungumzaji. Kampuni haimlipi siku hiyo. Kwa hiyo faranga 300,000 za siku mbili ni malipo ya siku tatu za kazi, yaani faranga 100,000 kwa siku. Shirika la kwanza, ikiwa mkataba wake unahesabu siku za kusoma nyaraka kuwa siku za kazi, linalipa 90,000. Tofauti iliyoonekana kuwa 60,000 imebaki 10,000.

Sasa tuitazame kwa mwezi mzima. Shirika litatoa 1,080,000 kwa siku 12. Katika siku 12 hizo hizo, kampuni ya mikutano ingeweza kumpa siku 8 za kibandani na 4 za maandalizi, na kumlipa 1,200,000. Ziada ni faranga 120,000, nayo inategemea mikutano minne ya siku mbili ipatikane kila mwezi. Mwezi wa mikutano miwili tu utaleta 600,000. Mkalimani anayeijua kalenda ya mji huu anafahamu pia kwamba mikutano haigawanyiki sawasawa mwaka mzima: kuna miezi ya kukimbizana na kuna miezi ambayo simu hailii.

Kuna jambo jingine la kibandani lisiloonekana kwenye bei. Desturi ya taaluma hii ni wakalimani wawili kwa kila lugha, wakipokezana takriban kila baada ya nusu saa, kwa sababu akili huchoka na makosa huongezeka. Kampuni inayotoa bei nzuri huku ikitaka mtu mmoja afanye siku nzima imemnunua mtu kwa bei ya nusu. Idadi ya wakalimani iandikwe ndani ya mkataba. Ahadi ya simu haitoshi.

Hapa msikilizaji ataona tumeshalipendelea shirika la kwanza. Lakini usalama wa miezi 6 nao una tundu. Ikiwa shirika linaweza kuondoka kwa notisi ya siku 30, basi kilichoahidiwa kwa hakika ni mwezi mmoja tu. Faranga 6,480,000 za miezi 6 ni matarajio, na 1,080,000 ndiyo ahadi. Urefu wa kweli wa mkataba wowote ni muda wa notisi yake, na mtu anayepanga kodi ya nyumba na karo za watoto kwa kuhesabu miezi 6 anajenga juu ya tarakimu ambayo mwenziwe hajaifunga.

Matukio ya karibuni yanalithibitisha hilo. Januari 2025 Marekani ilisimamisha sehemu kubwa ya misaada yake ya nje, na miradi katika nchi nyingi ikapokea amri za kusitisha kazi ndani ya siku chache, mingine katikati ya mikataba iliyokuwa bado na miezi mingi mbele. Ndiyo maana swali la kuliuliza shirika kabla ya saini ni hili: fedha za kazi hii zinatoka kwa nani, na zimekwisha kuingia au bado zinasubiriwa? Ni swali la kawaida. Ofisa mwenye mradi imara hujibu bila kuona haya, na anayekwepa amekwisha kujibu.

Upande wa mikutano nao una kumbukumbu yake. Mkutano wa wakuu wa nchi za Jumuiya ya Madola ulipangwa kufanyika Kigali mwezi Juni 2020. Ugonjwa wa UVIKO-19 ukauahirisha hadi 2021, ukaahirishwa tena, ukafanyika mwezi Juni 2022. Mkalimani aliyezifunga siku zake kwa ajili ya mkutano wa namna hiyo bila kipengele cha kuahirishwa hakuwa na cha kudai, ingawa huenda alikataa kazi nyingine kwa sababu yake. Kipengele chenyewe si kirefu: mkutano ukifutwa au kusogezwa chini ya siku fulani kabla ya kuanza, mkalimani alipwe sehemu fulani ya ujira. Kiasi hujadiliwa. Kisipokuwapo, hasara yote ya kuahirishwa hubebwa na mtu mwenye uwezo mdogo kuliko wote wa kuibeba.

Malipo ya siku 60 baada ya kampuni kulipwa yanastahili kutazamwa kwa makini zaidi, kwa kuwa maneno yake yanasikika kama utaratibu wa kawaida wa hesabu. Kazi imefanyika mwishoni mwa Machi. Mteja wa kampuni amechelewa mwezi mmoja, amelipa mwishoni mwa Aprili. Siku 60 zinaanza hapo, na mkalimani anaiona fedha mwishoni mwa Juni. Miezi mitatu hiyo amekula nini? Akikopa, riba itaila ile ziada ya 120,000. Mteja asipolipa kabisa, mkalimani hana tarehe ya kudai, kwa sababu mkataba wenyewe umesema zamu yake haijafika. Kwa maoni yetu kipengele cha namna hii ndicho cha kwanza kuombewa mabadiliko, hata kabla ya bei. Kampuni ikikubali kulipa ndani ya siku 30 tangu tarehe ya ankara, mteja awe amelipa au hajalipa, 130,000 yake inaweza kuwa bora kuliko 150,000 ya awali.

Kodi kwa kawaida haibadilishi ni ofa ipi iliyo kubwa, lakini inabadilisha kinachofika mfukoni. Kwa sheria ya Rwanda, mtoa huduma asiyesajiliwa na Mamlaka ya Mapato, au asiye na tamko la karibuni la kodi ya mapato, hukatwa asilimia 15 ya malipo yake kwenye chanzo. Siku ya faranga 90,000 inakuwa 76,500. Aliyesajiliwa hutakiwa kutoa ankara ya mfumo wa EBM, na taasisi nyingi hazitamlipa bila hiyo. VAT ya asilimia 18 humhusu anayevuka mauzo ya faranga milioni 20 kwa mwaka au milioni 5 kwa robo mwaka. Mkataba wa shirika peke yake ni 3,240,000 kwa robo mwaka, hivyo hauufikii mpaka huo, lakini kazi mbili kwa pamoja zinaweza kuuvuka bila mwenyewe kugundua. Hapo ndipo itakapojulikana kama 150,000 ilikuwa kabla ya VAT au pamoja nayo. Ikiwa ni pamoja nayo, mkalimani anabakiwa na takriban 127,000. Maneno hayo mawili matatu yaulizwe mapema.

Wapo wanaolinganisha ofa kama hizi na mshahara wa ajira, na hapo tahadhari iongezwe. Mwajiriwa ana likizo ya mwaka ya siku 18 za kazi, na tangu Januari 2025 mchango wa pensheni umepanda kutoka asilimia 6 hadi 12 ya mshahara, nusu yake ikilipwa na mwajiri. Anayejitegemea hana mwenzi wa kumlipia nusu hiyo. Anaweza kujiwekea katika Ejo Heza, mpango wa akiba ya muda mrefu uliolengwa hasa kwa watu wasio na mshahara, lakini fedha itatoka kwenye ile ile bei ya siku.

Je, ni lazima kuchagua? Wengi huanza na dhana kwamba ofa moja lazima ife. Mwezi una takriban siku 22 za kazi, na shirika linataka 12. Kinachozuia kuzipokea zote mbili mara nyingi si muda. Ni masharti mawili: shirika kutaka siku lizichague lenyewe bila taarifa, na kampuni kutaka mkalimani asifanye kazi kwa washindani wake. La kwanza hutatuliwa kwa kuomba siku zitangazwe wiki mbili mbele. La pili ni gumu zaidi, na jibu lake ni la kibiashara: anayetaka kumfungia mtu milango mingine alipie kufunga huko, kwa kuhakikisha idadi ya chini ya siku za kulipwa kila mwezi. Kampuni isiyoahidi hata siku moja haina sababu ya kuzimiliki siku zote 22.

Lililobaki ni namna ya kuongea. Shirika likitaka jibu Ijumaa na kampuni ikasema itatoa mkataba wiki ijayo, ni sawa kuliandikia shirika kwa adabu kuomba siku tatu nne, na kuieleza kampuni kwamba kuna ofa nyingine yenye tarehe. Kutaja ofa isiyokuwapo ili kupandisha bei ni mchezo mbaya katika mji ambao waandaaji wa mikutano wanafahamiana. Ikumbukwe pia kwamba sheria ya mikataba ya Rwanda ya mwaka 2011 haihitaji kila makubaliano yawe kwenye karatasi, na ridhaa inaweza kuonyeshwa hata kwa mdomo. Neno "nakubali" kwenye simu au ujumbe wa WhatsApp linaweza kumfunga aliyelitamka, hata kama saini haijatiwa. Asiyejafikia uamuzi aseme kwamba anapenda kazi hiyo na anasubiri kuuona mkataba kamili.

Uamuzi ukishafanyika, upande uliokataliwa ujulishwe siku hiyo hiyo, kwa maandishi mafupi, pamoja na jina la mkalimani mwingine anayeweza kazi hiyo ikiwa mwenyewe ameridhia kutajwa. Ukalimani ni kazi ya watu wawili wawili, na aliyependekezwa leo huenda ndiye atakayekaa naye kibandani kwenye mkutano ujao.