Kwa Gari la Moshi na kwa Miguu: Charleston na Savannah

Mtu aliyezaliwa Lamu hana haja ya kufundishwa kwenda kwa miguu. Mji wetu ulijengwa kwa kipimo cha bega la mtu na mzigo wa punda, wala si kwa kipimo cha gari, na mimi nimepita miaka hamsini bila ya kushika usukani hata siku moja. Basi mkwe wangu aliyeko New Jersey aliponiambia kwamba Marekani hakuna aendaye likizo pasi na gari, na kwamba nikitaka kuzuru Charleston na Savannah hana budi kunikodishia moja, nilimjibu kwa upole kuwa miji hiyo miwili ilikuwako kabla gari halijabuniwa. Charleston ulianza mwaka 1670 na Savannah mwaka 1733. Waliokaa humo walikwenda kwa miguu, kwa farasi na kwa mashua. Nasi, mimi na mwenzangu, tungekwenda hivyo hivyo, tukiongeza gari la moshi tu.

“Baba, mtachoka,” akasema binti yangu.

“Tukichoka tutakaa barazani,” akajibu mama yake.

Wako watakaouliza kwa nini miji hiyo, na Marekani ni pana. Jibu langu ni jina la mtu mmoja: Omar ibn Said. Nililisikia miaka mingi nyuma, na tangu siku hiyo nimekuwa na hamu ya kusimama mahali aliposhushwa.

Gari la moshi liitwalo Palmetto huondoka New York alfajiri na kufika Charleston magharibi, mwendo wa saa kumi na tatu hivi, kisha huendelea mpaka Savannah, ambako ndiko mwisho wake. Viti ni vipana na madirisha ni makubwa, na njia nzima hupita mashamba, mito na misitu ya misonobari isiyokwisha. Mwenzangu alichukua kibirika cha plastiki cha kutawadhia, na safari haijafika nusu nikamwombea dua. Tulisali tumekaa vitini, tukikusanya na kupunguza kama msafiri aruhusiwavyo. Sisi wa Lamu kibla chetu ni kaskazini, karibu sawasawa. Marekani ya mashariki kibla ni kaskazini-mashariki. Gari likawa linatupeleka kusini, kibla tumekipa kisogo, na mkaguzi wa tikiti akapita pole pole bila ya kutusemesha mpaka tulipotoa salamu. Nilimshukuru kwa adabu hiyo.

MJI WA NYUMBU NA VIBARAZA

Stesheni ya Charleston iko mbali na mji wa kale, zaidi ya kilomita kumi, na anayekwenda bila gari lazima alijue hilo mapema. Tulingoja basi la mji, nalo likaja kwa wakati wake lenyewe. Lakini ukishafika mjini hulihitaji tena, maana mji wa kale uko juu ya rasi baina ya mito miwili, na mtu mwenye magoti mazima aweza kuuzunguka kwa siku mbili. Magoti yakigoma, yako mabasi madogo yaitwayo DASH ambayo hayatozi nauli.

Asubuhi ya kwanza kitu kilichotuchekesha ni nyumbu. Watalii huzungushwa mjini kwa magari ya kukokotwa na farasi na nyumbu, na kila mnyama amefungwa mfuko nyuma chini ya mkia ili kinyesi kisianguke barabarani. Akikojoa, mwenye gari hudondosha alama mahali hapo ili watu wa kuosha waje wamwage dawa. Joto likipita kiasi kilichowekwa na baraza la mji, mnyama hurudishwa bandani. Nilimfikiria punda wetu wa Lamu, abebaye mawe ya matumbawe jua la saa saba, nikasema laiti angalipata wakili kama huyu. (Ule mfuko, lakini, sidhani kama angeukubali.)

Nyumba za Charleston zitamfurahisha kila aliyekulia Pwani. Aina moja mashuhuri ina upana wa chumba kimoja tu. Ubavu mwembamba ndio unaotazama barabara, na urefu wote unaingia ndani ya kiwanja, ukiwa na kibaraza kirefu upande wa kupokea upepo. Mlango wa barabarani haukuingizi chumbani. Unakuingiza kwenye kibaraza, na hapo mgeni hungoja mpaka akaribishwe. Hilo si geni kwetu tulio na madaka. Joto ni lile lile, unyevu ni ule ule, na haya ya kutotaka mpita njia aone ndani ni ile ile. Mji huu ulitunga sheria ya kulinda mtaa wake wa kale mwaka 1931, wa kwanza Marekani kufanya hivyo, na ndiyo sababu nyumba hizo zingaliko.

Sokoni tukawakuta akina mama weusi wakiuza vikapu. Hawasuki ukili kama sisi. Huchukua nyasi laini za pwani, wakazizungusha duara juu ya duara, na kuzishona kwa ukanda wa mnazi-mwitu wa huko, wakitoboa kwa kipini cha kijiko kilichonolewa. Kikapu cha asili kabisa katika kazi hiyo ni kile kipana cha kupepetea mpunga. Mwenzangu alikishika, akakitikisa mara mbili hewani kama anapeta, na yule mama mwenye kikapu akacheka kwa sauti. Hawakuwa na lugha moja, na hawakuihitaji.

GATINI

Sasa nifike nilikokwenda. Upande wa mashariki wa mji, kwenye mto Cooper, ndipo lilipokuwa gati la Gadsden. Marekani ilikuwa imeamua kufunga biashara ya kuleta watumwa kutoka ng’ambo kuanzia tarehe 1 Januari 1808, na South Carolina ikafanya haraka kama mtu anayeona soko linataka kufungwa. Katika miaka minne ya mwisho waliletwa Waafrika wanaokadiriwa kuwa 40,000, na wengi wao walishushwa gatini hapo. Juni 2023 pamefunguliwa jumba la makumbusho la historia ya Wamarekani weusi. Jumba lenyewe halikuwekwa juu ya ardhi hiyo. Limeinuliwa juu ya nguzo 18, na chini yake mtu hutembea huru kwenye upepo. Kando ya maji pana kidimbwi chembamba, na sakafuni mwake imechorwa miili ya watu waliolazwa wamebanana, kama walivyopangwa katika tumbo la meli. Maji hupanda yakawafunika, kisha yakashuka wakaonekana tena.

Omar ibn Said alifika bandari hii mwaka 1807. Alikuwa mtu wa Futa Toro, nchi ambayo leo ni Senegal, mwenye umri wa miaka thelathini na kitu, na alikuwa ametumia miaka ishirini na mitano kutafuta elimu kwa mashekhe. Aliuzwa hapa Charleston, akaangukia kwa bwana mkatili, akatoroka. Alikwenda kwa miguu mpaka Fayetteville, North Carolina, akaingia nyumba moja kusali, akakamatwa na kutiwa jela. Baadaye akachukuliwa na familia nyingine, akabaki kwao mtumwa mpaka alipokufa, vita vya wao kwa wao vingali vikiendelea. Mwaka 1831 aliandika kwa Kiarabu maisha yake mwenyewe, na maandishi hayo yako leo katika Maktaba ya Bunge huko Washington, iliyoyapata mwaka 2017.

Akaanzaje? Hakuanza kwa jina lake wala la baba yake. Alianza kwa Suratul Mulk. Kila aliyekaa mkekani chuoni anaijua sura hiyo, ndiyo ifunguayo juzuu ya Tabaraka, na maana ya jina lake ni ufalme, au tuseme umiliki. Mtu aliyeandikwa katika daftari za watu kuwa ni mali, anapopewa kalamu, neno la kwanza analoliweka ni kwamba umiliki wote uko mkononi mwa mwingine. Mabwana zake hawakujua kusoma Kiarabu. Wataalamu wanabishana mpaka leo kama alibaki Muislamu moyoni, maana alibatizwa na kanisani akienda. Mimi si kadhi wa nyoyo za watu. Ila nimesimama gatini pale nikaisoma sura hiyo mpaka mwisho, mwenzangu akiitikia amina, na watoto wa Kimarekani wakikimbizana pembeni ya maji.

Mwaka 2022 Charleston walionyesha mchezo wa kuimbwa uitwao “Omar”, uliotungwa na Rhiannon Giddens pamoja na Michael Abels, nao ukapata tuzo ya Pulitzer ya muziki mwaka uliofuata. Mji uliomuuza ukamkalisha watu kitini kumsikiliza.

Nina neno hapa ambalo baadhi ya wasomaji huenda wasilipende. Sisi wa Pwani twawalilia akina Omar kwa kuwa ni Waislamu waliotendwa. Lakini utumwa katika mwambao wetu haukufutwa na sheria ila mwaka 1907, na mashamba ya nafaka ya Malindi na minazi ya bara ya Lamu yalilimwa na mikono ya nani? Chokaa iliyopakwa majumba yetu mazuri ilichomwa na kutwangwa na nani? Frere Town pale Mombasa ulianzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliotolewa utumwani, na wengi hupita daraja la Nyali kila siku bila ya kujiuliza. Wenzetu wamejenga jumba juu ya gati lao. Sisi tuliyoyafanya ni machache.

PILAU

Adhuhuri tuliingia mkahawa mmoja, na katika orodha ya vyakula nikakuta neno “perloo”. Nikamwomba mhudumu alitamke, akasema kitu kama “palo”. Nikauliza ni nini: wali uliopikwa pamoja na kuku au kamba katika supu yake, sufuria moja. Mwenzangu akanitazama. Naam, ni pilau! Neno la Kiajemi lililokuja kwetu kwa upande mmoja wa dunia na likafika kwao kwa upande mwingine, na mpunga wenyewe ulilimwa mabwawani na watu waliochukuliwa pwani za Afrika ya magharibi ambako ulilimwa tangu kale. Viungo ni vichache, na lazima uulize kwanza juu ya nguruwe, maana wao humtia hata penye mboga. Tulipewa ya kamba, safi. “Haina bizari,” alisema mwenzangu, akala yote. Kisha tukanunua biskuti nyembamba za ufuta, ambazo huko huitwa “benne”, jina lililotoka na watumwa Afrika ya magharibi na halikubadilika.

SAVANNAH

Kutoka Charleston hadi Savannah si saa mbili kwa gari la moshi. Tulifika usiku, stesheni iko nje ya mji, njia haina mahali pa mwenda kwa miguu, basi hakuna. Tukakodi teksi, na mkwe wangu alipopata habari alicheka sana.

Savannah ni mji wa viwanja. James Oglethorpe aliuchora hivi: kila mtaa una uwanja wake katikati, wenye miti mikubwa inayoning’iniza nyuzi za kijivu kama ndevu za wazee. Viwanja vilikuwa 24, vimebaki 22. Hekima yake huijui mpaka uende kwa miguu: gari likifika uwanjani lazima lizunguke pande zote, lakini mwenda kwa miguu hupita katikati, kivulini, moja kwa moja.

Hata hivyo nusura wauharibu. Mwaka 1954 walibomoa soko kuu la kale katika uwanja wa Ellis wakajenga jengo la kuegesha magari. Hasira ya kitendo hicho ikawafanya wanawake saba waunde chama cha kuhifadhi majumba mwaka uliofuata. Jengo lile likaja kubomolewa, na uwanja ukafunguliwa tena mwaka 2010, magari yakawekwa chini ya ardhi. Zaidi ya miaka hamsini ilipita mpaka kosa la siku chache kurekebishwa. Nawaomba wakubwa wa Lamu, ambako pikipiki zimekwisha kuingia, wafikirie hesabu hiyo.

Uwanja mmoja uliokuwa na jina la Calhoun, mtetezi mkubwa wa utumwa, umepewa jina la Susie King Taylor. Huyu alizaliwa mtumwa mwaka 1848, na sheria ya Georgia ilikataza mtumwa kufundishwa kusoma. Alikwenda darasani kwa siri, vitabu vimefungwa karatasi ili wapita njia wasivijue, na akiwa msichana mdogo wakati wa vita akawa mwalimu wa watu walioachwa huru. Nilikaa hapo muda mrefu kuliko mahali pengine popote mjini.

Kulikuwa na pahali pamoja tusipofika. Kusini ya Savannah kiko kisiwa cha Sapelo, alikoishi Bilali Muhammad wa Timbo, Futa Jallon, msimamizi wa shamba la bwana wake na imamu wa watu wake. Aliacha kijitabu cha Kiarabu cha fikihi ya Kimaliki, kilichoko sasa Chuo Kikuu cha Georgia. Wajukuu wa watoto wake walihojiwa katika miaka ya 1930, wakasimulia wazee walivyosali juu ya mkeka jua likichomoza, na jinsi bibi mmoja alivyokuwa akipika mikate midogo ya mchele siku maalumu, akawaita watoto na kuwagawia. Mikate hiyo wakiiita “saraka”.

Nilipomsomea mwenzangu hayo, akasema, “Sadaka.” Sikuwa na la kuongeza.

Majumba ya watumwa kisiwani yalijengwa kwa chokaa ya makombe ya chaza, mchanga na maji, kazi ambayo fundi wa Shela angeijua bila ya kufundishwa. Kizazi cha Bilali kingaliko huko, kijiji kimoja cha watu wachache, na mwaka 2023 serikali ya wilaya iliruhusu nyumba kubwa zaidi kujengwa, jambo ambalo wenyeji waliliogopa kwa kuwa kodi za ardhi zitapanda nao washindwe kukaa. Kivuko cha kwenda huko huondoka kijiji cha Meridian, na Meridian haifikiwi kwa gari la moshi wala kwa basi.

Mkwe wangu amesema mwakani atatupeleka yeye mwenyewe, kwa gari lake. Nimekubali. Mwenzangu amekwisha kuuliza kama kisiwani pana nyumba ya mtu awezaye kumkopesha jiko na sufuria, apike vitumbua.