Mgogoro wa Mpaka wa Ziwa Nyasa na Mashitaka ya Kosa la Uchokozi: Uchambuzi wa Pengo la Kisheria kwa Mfano wa Kyela

1.0 Utangulizi

Mvuvi wa Matema, wilayani Kyela, anapousukuma mtumbwi wake majini kwenda kutafuta usipa, kwa msimamo wa Tanzania bado yumo nchini mwake. Kwa msimamo wa Malawi, ameshavuka mpaka. Tofauti hiyo imedumu tangu miaka ya 1960. Mjadala wake umejikita zaidi katika swali la nani mwenye maji. Makala hii inauliza swali jingine: iwapo dola mojawapo ingetumia jeshi kuumaliza mgogoro huo, je, kiongozi aliyetoa amri angeweza kushitakiwa kwa kosa la uchokozi? Haidaiwi hapa kwamba nchi yoyote kati ya hizo mbili ina nia hiyo. Hoja inayotetewa ni kwamba sheria ya kimataifa imekwisha kulifafanua kosa lenyewe, lakini mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa umebaki nje ya mamlaka ya kawaida ya mahakama inayolisikiliza.

2.0 Chimbuko la Mgogoro

Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa tarehe 1 Julai 1890 uliupitisha mpaka kandokando ya ufuko wa mashariki, wa kaskazini na wa magharibi wa ziwa hadi ukingo wa kaskazini wa mlango wa Mto Songwe. Malawi inayasimamia maneno hayo, pamoja na azimio la Umoja wa Nchi Huru za Afrika lililopitishwa Cairo mwaka 1964, linalozitaka nchi wanachama kuheshimu mipaka iliyokuwapo wakati wa uhuru. Tanzania inashikilia kwamba mpaka unapita katikati ya ziwa. Mvutano uliibuka upya baada ya Malawi kutoa leseni ya utafutaji wa mafuta ziwani mwaka 2011. Baadaye usuluhishi ulikabidhiwa viongozi wastaafu wa Afrika wakiongozwa na Joaquim Chissano wa Msumbiji.

3.0 Vipengele vya Kosa

Katika Kiswahili cha kila siku, mchokozi ni yeyote anayeanza ugomvi. Katika sheria, neno hilo lina maana finyu zaidi. Ibara ya 8 bis ya Mkataba wa Roma, iliyopitishwa Kampala tarehe 11 Juni 2010, inaweka masharti mawili makuu. Kwanza, mshitakiwa awe mtu mwenye uwezo halisi wa kudhibiti au kuelekeza hatua za kisiasa au za kijeshi za dola. Nahodha wa boti ya doria ziwani hahusiki; anayehusika ni aliyepanga au kuamuru vita. Pili, kitendo chenyewe, kwa sifa, uzito na ukubwa wake, kiwe ukiukaji wa dhahiri wa Mkataba wa Umoja wa Mataifa. Miongoni mwa vitendo vilivyotajwa ni uvamizi, mashambulizi ya mabomu na kuzingira bandari au pwani ya dola nyingine. Hivyo, kumkamata mvuvi mmoja na kumnyang'anya nyavu hakufikii kiwango hicho, ilhali kuiteka bandari ya Itungi kwa jeshi kunaweza kukifikia.

Je, madai ya kumiliki eneo yanaweza kuwa utetezi? Tume ya Madai ya Eritrea na Ethiopia ilitoa jibu mwezi Desemba 2005. Iliamua kwamba Eritrea ilikiuka sheria iliposhambulia Badme mwezi Mei 1998, hata kama iliamini kuwa eneo hilo lilikuwa lake. Mgogoro wa mpaka hauhalalishi matumizi ya nguvu. Tume hiyo ilishughulikia dhima ya dola, si hatia ya mtu binafsi. Hata hivyo, mantiki yake inaihusu Kyela moja kwa moja.

4.0 Pengo la Mamlaka

Mamlaka ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai juu ya uchokozi yalianza tarehe 17 Julai 2018. Tanzania na Malawi ziliridhia Mkataba wa Roma mwaka 2002, lakini hazijaridhia marekebisho ya Kampala. Azimio la nchi wanachama la Desemba 2017 linaeleza kwamba, shauri linapofikishwa na dola au kuanzishwa na mwendesha mashitaka, Mahakama haina mamlaka juu ya kosa la uchokozi lililotendwa na raia wa nchi mwanachama isiyoridhia marekebisho hayo, au katika ardhi yake. Njia inayobaki ni Baraza la Usalama kulipeleka shauri mahakamani, ambako kura ya turufu ya mwanachama mmoja wa kudumu yatosha kulizuia. Itifaki ya Malabo ya mwaka 2014, ambayo ingeipa mahakama ya Afrika mamlaka juu ya kosa hilo, inahitaji kuridhiwa na nchi 15 na bado haijaanza kutumika.

Madhara ya pengo la aina hiyo yanafahamika nchini. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yaliivamia Kagera, naye akatangaza kwamba eneo la kaskazini ya mto huo ni sehemu ya Uganda. Amin alifariki dunia Saudi Arabia mwaka 2003 bila kushitakiwa kwa uvamizi huo.

5.0 Hitimisho

Makala imeonesha kwamba kutokubaliana kuhusu mpaka si kinga kwa anayeanzisha vita. Kinachokosekana ni mahakama yenye mamlaka. Inapendekezwa kwamba Tanzania na Malawi ziridhie marekebisho ya Kampala kwa pamoja. Kufanya hivyo hakuamui nani mwenye maji, wala hakudhoofishi hoja ya upande wowote. Kunawahakikishia Wanyakyusa na Wangonde, wanaoishi pande zote mbili za Songwe, kwamba suala la mpaka wao litaamuliwa kwa mazungumzo au kwa hukumu, na kwamba atakayeamuru liamuliwe kwa bunduki atawajibika yeye mwenyewe.