Sheria Haina Tahasusi Yake

Kila matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa, swali ni lile lile: mtoto anayetaka kuwa mwanasheria achukue HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) au HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza)? Swali hilo limekosewa kabla halijajibiwa, kwa sababu linachukulia kwamba sheria ina tahasusi yake, kama udaktari unavyodai Fizikia, Kemia na Biolojia. Haina.

Masharti ya kujiunga na shahada ya sheria yamo katika mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), ambao wengi wa wanaouliza hawajaufungua hata mara moja. Kiwango cha chini ni ufaulu wa masomo mawili ya kidato cha sita wenye jumla ya pointi zisizopungua 4, A ikihesabiwa 5 na E ikihesabiwa 1. Masomo yanayokubaliwa hutofautiana chuo hadi chuo, na vipo vyuo vinavyopokea hata masomo ya biashara na ya sayansi. Sharti linalowanasa waombaji wengine liko nyuma kabisa: alama ya Kiingereza ya kidato cha nne.

Hesabu yenyewe inatosha kuivunja imani kwamba sheria ina tahasusi yake. Mwanafunzi mwenye D mbili za HKL ana pointi 4. Mwenye B mbili za EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati) ana pointi 8. Chuo chenye waombaji wengi kuliko nafasi kitampa nafasi nani? Hata hivyo, kila mwaka wapo vijana wanaong'olewa kwenye masomo wanayoyamudu na kusukumwa kwenye wasiyoyapenda, eti ndiyo njia ya mahakamani.

Chanzo cha imani hii kinajulikana. Wanasheria wengi walipitia sanaa, na watu wakafanya njia iliyozoeleka kuwa sharti. Juu yake ikaongezwa dhana mbaya zaidi, kwamba sheria ni hifadhi ya walioshindwa Hisabati. Anayeamini hivyo hajawahi kugawa mirathi. Katika mirathi ya Kiislamu mjane hupata moja ya nane marehemu akiacha watoto, na moja ya nne asipowaacha. Kisha sehemu za wazazi na watoto hupangwa kwa hesabu ambayo haina huruma kwa aliyekimbia sehemu na uwiano. Mashauri ya kodi hubishaniwa kwa vitabu vya hesabu. Fidia hukokotolewa. Mfanyakazi anayedai ameachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 za kufikisha mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Siku ya 31 inabidi kwanza aombe kuongezewa muda na aeleze kwa nini alichelewa. Wakili asiyejua kuhesabu siku humpotezea mteja haki kabla hajafungua mdomo.

Historia na Kiswahili ni masomo mazuri kwa mwanasheria mtarajiwa, lakini kwa namna yanavyosomwa, si kwa majina yake kwenye cheti. Aliyekariri sababu sita za Vita vya Maji Maji ili azimwage kwenye karatasi hajajifunza chochote ambacho sheria itamdai. Aliyezipima sababu hizo, akasema ipi ina ushahidi na ipi ni dhaifu, ameanza kazi. Mwenzake wa Fizikia anayeandika ripoti safi ya jaribio, akitenganisha alichokiona na alichokisia, naye ameanza kazi hiyo hiyo.

Kinachoamua zaidi ni uwezo wa kusoma maandishi marefu na kuandika kwa usahihi, tena kwa lugha mbili. Sheria iliyopitishwa mwaka 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki nchini, lakini hukumu nyingi za miaka iliyopita zimeandikwa kwa Kiingereza, na ndicho kinachotumika kufundishia shahada. Anayedhani sasa Kiingereza hakina kazi, au kwamba Kiswahili anakijua tayari kwa kuwa anakiongea, anajidanganya pande zote mbili.

Wala kuingia chuo kikuu si kufika. Anayetaka uwakili hupitia pia Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo (Law School of Tanzania) kabla ya kuapishwa na Jaji Mkuu. Matokeo ya taasisi hiyo yaliyotikisa nchi mwaka 2022 yalionyesha watahiniwa 26 tu waliofaulu moja kwa moja kati ya 633; 342 walitakiwa kurudia baadhi ya mitihani na 265 walishindwa. Serikali iliunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe kuchunguza sababu. Watahiniwa wale walikwisha kupita kidato cha sita na chuo kikuu. Tahasusi haikuwa na la kuwasaidia hapo.

Yanayofaa kufanywa sekondari ni machache na hayana gharama kubwa. Kiingereza cha kidato cha nne kisichezewe. Katiba ya mwaka 1977 isomwe bila kukaririwa: ibara ya 18 inayotoa uhuru wa maoni iwekwe kando ya ibara ya 30 inayoweka mipaka ya haki, kisha uandikwe ukurasa mmoja juu ya namna zinavyokaa pamoja. Hukumu zinapatikana bure kwenye tovuti ya TanzLII. Moja kwa mwezi inatosha. Mashauri mengi husikilizwa mahakama ikiwa wazi kwa umma, na Wiki ya Sheria hufanyika mwanzoni mwa kila mwaka; mwanafunzi ahudhurie. Kwenye mdahalo, mwanafunzi atetee upande asioupenda. Ambaye pointi zake hazitatosha anaweza kuanzia astashahada au stashahada ya sheria, mathalani Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto, kisha akaendelea na shahada.

Kabla ya kujaza selform, yaani fomu ya kuchagua tahasusi, mzazi na mtoto wausome mwongozo wa TCU wa mwaka huo, ukurasa wa chuo wanachokitaka. Kisha mtoto achukue tahasusi atakayoifaulu vizuri.