Mita kwanza, osiloskopu baadaye: mwongozo kwa mnunuzi wa Kibondo na Kasulu

MZAZI wa Murungu, wilayani Kibondo, anayeuza maharage au mihogo ili kumwandaa kijana wake kwa mwaka wa kwanza wa uhandisi wa umeme au elektroniki, hukutana na majina ya vifaa ambayo mara nyingi hata mwenye duka hayaelewi vizuri. Kati ya vifaa hivyo, kimoja tu ndicho kinachostahili fedha za mwanzo. Nacho ni mita ya kupimia umeme, ile inayoitwa maltimita. Vilivyobaki vinaweza kusubiri.

Hesabu yake ni rahisi. Vyuo vinavyofundisha fani hiyo nchini, kama vile Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT), Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo cha Ufundi Arusha na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, vina maabara zenye osiloskopu na vyanzo vya umeme vya mezani. Kinachokosekana ni kifaa cha kutumia bwenini usiku na nyumbani wakati wa likizo, majirani wanapoleta redio, chaja na inveta za sola zitengenezwe. Kazi hiyo ni ya mita.

Hata hivyo, mita si bidhaa moja. Ile ndogo iliyoandikwa DT830, ambayo ndiyo rahisi kuliko zote, hupima vizuri betri na rezista. Lakini kwa umeme wa AC ina vipimo viwili tu, volti 200 na volti 750, kwa hiyo haifai kupimia mawimbi madogo ya kikuza sauti, ambayo ni sehemu ya mazoezi ya mwanafunzi.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye tundu la ampea 10. Mita nyingi za aina hiyo huandikwa hapo kwa Kiingereza neno "unfused", yaani tundu halina fyuzi. Mwanafunzi akisahau waya katika tundu hilo kisha akagusa soketi ya ukutani yenye volti 230, atakuwa ameunganisha nyaya mbili za umeme moja kwa moja. Mita hupasuka ikiwa mkononi. Nafuu ya bei iliyopatikana dukani haiwezi kulipia jicho.

Mnunuzi atafute maandishi ya CAT pembeni mwa matundu ya mita. CAT II ni kwa vifaa vinavyochomekwa kwenye soketi, CAT III ni kwa nyaya za ndani ya jengo na boksi la swichi kuu, na CAT IV ni kwa laini inayoingia nyumbani kutoka nguzoni. Kwa mwanafunzi, CAT III ya volti 600 inatosha. Tatizo ni kwamba yeyote anaweza kuchapa maandishi hayo kwenye plastiki. Dawa yake ni kumwomba muuzaji afungue mfuniko wa nyuma: mita ya kweli ina fyuzi katika njia zote mbili za kupimia mkondo, nazo ni fyuzi za kauri, si za kioo chembamba. Muuzaji anayekataa kufungua amekwisha kujibu swali.

Jambo la umeme wa sola

Kwa wakazi wa nyanda za juu za Kigoma kuna jambo lingine ambalo mnunuzi wa Dar es Salaam anaweza kulipuuza. Kwa miaka mingi mkoa huo uliwashwa na jenereta za dizeli za TANESCO, na ni mwaka 2022 tu ulipoanza kuunganishwa na gridi ya Taifa. Sola na inveta zilikwishaingia katika nyumba na maduka mengi, na bado zimo.

Inveta ya bei nafuu haitoi wimbi laini kama la TANESCO. Hutoa wimbi la ngazi ngazi. Mita ya kawaida hukadiria volti kwa kudhani kwamba wimbi ni laini. Ikipewa wimbi la ngazi lenye volti 230 kamili na kilele cha volti 325, itasoma takriban volti 180. Kijana atamwambia jirani kwamba inveta yake imekufa, wakati ni nzima. Mita yenye maandishi "True RMS" haidanganyiki hivyo, na kwa Kibondo na Kasulu nyongeza hiyo ya bei ni halali kabisa.

Mafundi wa zamani watapendekeza mita ya mshale, hasa Sanwa ya Japani aina ya YX-360. Ni kifaa kizuri, na mshale wake huonyesha kapasita ikijaa kuliko tarakimu zinavyoweza. (Jina lisomwe kwa makini: "Sunwa" ni bidhaa nyingine.) Lakini mita ya aina hiyo yenye ukinzani wa omu 20,000 kwa kila volti, ikiwekwa kwenye kipimo cha volti 10, ni sawa na kuunganisha rezista ya omu 200,000 katika saketi. Mahali penye rezista mbili za omu 200,000 zinazogawana volti 10, jibu sahihi ni volti 5, lakini mshale utaonyesha 3.3. Mita nzuri ya tarakimu ina ukinzani wa omu milioni 10 na haileti kasoro hiyo kwa kiasi cha kuonekana.

Betri nayo isisahaulike. Mita inayotumia betri mbili za rimoti au za tochi itahudumiwa na duka lolote la Murungu. Ile inayotaka betri ya mraba ya volti 9 inaweza kumlazimu mwenyewe kusubiri kifurushi cha basi kutoka mjini. Fyuzi za akiba zinunuliwe siku ileile, kwa sababu za kauri hazipatikani kila mahali.

Kabla ya kulipa

Kutoka Kibondo hadi Kariakoo ni zaidi ya kilometa 1,000, na bidhaa mbovu hairudi. Mnunuzi aende dukani na betri mpya ya volti 1.5 na rezista moja anayoijua thamani yake. Betri mpya isome kati ya 1.5 na 1.6. Nyaya mbili zikigusanishwa, kipimo cha omu kishuke karibu na sifuri na kisiruke nyaya zikitikiswa. Soketi ya dukani ipimwe kwa mita mbili tofauti na majibu yalinganishwe.

Osiloskopu ni habari ya mwaka wa pili au wa tatu. Rigol DS1054Z, inayofahamika sana kwa wanafunzi duniani, iliingia sokoni kwa karibu dola 400 za Marekani. Kwa mfano wa dola moja kwa sh. 2,500/-, hiyo ni sh. 1,000,000/-; VAT ya asilimia 18 peke yake huongeza sh. 180,000/-, kabla ya usafiri. Kile kidogo cha kuunga mwenyewe, DSO138, ni rahisi mno, lakini kinaishia kilohezi 200 na huchukua sampuli milioni moja kwa sekunde. Kwa chaja inayofanya kazi kwa kilohezi 100, hizo ni nukta 10 tu kwa kila wimbi. Kinafaa kujifunzia, si kutengenezea. Na kwa osiloskopu yoyote ya mezani, klipu ya probu imeunganishwa na waya wa ardhi wa soketi. Ikiwekwa kwenye waya wenye umeme, ni shoti.

Kwa wanaopata mkopo wa HESLB, miongoni mwa mafungu yake limo la mahitaji maalumu ya kitivo. Mwanafunzi aliyepangiwa fungu hilo anaweza kununulia mita kutoka humo, na maharage ya nyumbani yakabaki kwa ajili ya nauli.